Fono ya mzee ilitengenezwa wapi?

Ndugu zangu, ukiuliza hapa Butembo fono ya zamani ilitoka wapi, karibu kila mtu atakujibu: "Bulaya." Mwingine ataongeza: "Ya Wabeleji." Jibu lile ni fupi mno, na kwa sehemu kubwa si kweli. Hakuna inchi moja iliyotengeneza fono peke yake. Na kwa sisi tuliosoma mambo ya udongo na mimea, kitu cha maana kuliko vyote ndani ya habari ile hakikuanzia hata kiwandani. Kilianzia kwa mdudu, juu ya tawi la mti, mikononi mwa wakulima wadogo sawa wale wetu wa Masereka.

Tupatane kwanza juu ya majina. Wazee wetu wanasema fono kwa mashini yenyewe, na disiki kwa ile sahani nyeusi. Watu wa Zanzibar na Mombasa wanasema santuri. Vitabuni utakuta gramofoni. Mimi hapa naongea juu ya mashini ya kuzungusha na mkono, isiyo na umeme wala batiri, yenye kucheza disiki kwa sindano ya chuma. Ile ya umeme na disiki za plastiki ilikuja nyuma, haiko habari yetu leo.

Mtu wa kwanza kuhifadhi sauti na kuirudisha alikuwa Thomas Edison wa Marekani, mwaka wa 1877. Lakini mashini yake haikutumia sahani. Ilitumia silinda, kitu cha mviringo sawa kopo, chenye kufunikwa na karatasi ya bati. Shida ya silinda ilikuwa kuizidisha: kwa miaka mingi, kupata silinda kumi za wimbo mmoja kuliomba kazi kubwa, na pengine mwimbaji alirudia wimbo mara nyingi mpaka sauti inakauka. Njo mahali Emile Berliner aliingilia. Yeye alizaliwa Hanover, Ujerumani, mwaka wa 1851, akahamia Marekani mwaka wa 1870 akiwa kijana tu. Mwaka wa 1887 akapewa hati ya uvumbuzi wa mashini aliyoita gramofoni. Akili yake ilikuwa hii: sauti ichorwe juu ya sahani bapa, kisha ile sahani itengenezewe kalibu ya chuma, na kwa kalibu ile upige disiki mia ao elfu zinazofanana. Yeyote aliyeona watu wa kwetu wakipiga matofali anaelewa mara moja. Mwenye kalibu nzuri haogopi kuombwa matofali mengi.

Na je, unajua gramofoni za kwanza kuuzwa zilikuwa nini? Michezo ya watoto. Kiwanda cha wanasesere cha Kämmer & Reinhardt, kule Waltershausen, Ujerumani, ndicho kilianza kuziuza karibu mwaka wa 1890. Disiki zake zilikuwa ndogo, karibu sentimeta 12, na mtoto alipaswa kuzungusha mkono bila kuacha. Akichoka, mwimbaji naye anachoka.

Dawa ya uchovu ule ilitoka kwa Eldridge Johnson, fundi wa mashini wa mji wa Camden, jimbo la New Jersey. Mwaka wa 1896 alitengenezea Berliner injini ya resori: unakaza mara moja, mashini inazunguka yenyewe mpaka wimbo unaisha. Ndani ya injini ile kuna kitu nakipenda kuliko pembe na kuliko mapambo yote. Ni vipande vitatu vya uzito vinavyozunguka juu ya mhimili. Mwendo ukizidi, vinatawanyika na kuvuta kisahani kidogo kigusane na kipande cha ngozi, mwendo unashuka. Ukishuka mno, vinakusanyika, ngozi inaachia. Hivyo tu, bila waya hata moja, disiki inashika mzunguko wa karibu mara 78 kwa dakika. Mwaka wa 1901 Johnson alianzisha kampuni yake mwenyewe, Victor, ikawa kubwa sana.

Sasa angalia London. Kampuni ya The Gramophone Company ilianza kule mwaka wa 1898. Ni ile yenye mbwa, ile tunayojua kwa herufi HMV. Watu wanaichukua kuwa ya Kiingereza kabisa. Lakini mwanzoni mashini zake zilikuja kutoka kwa Johnson kule Camden, London ikawa mahali pa kuunganisha na kuuza, na disiki zake zilichapwa Hanover kwa ndugu yake Berliner aliyebaki Ujerumani. Hata yule mbwa ana siri. Jina lake lilikuwa Nipper, na mchoraji Francis Barraud alimchora kwanza akisikiliza mashini ya silinda, ile ya washindani. Mwaka wa 1899, juu kampuni ilitaka kununua picha, akapaka rangi juu ya silinda na kuchora gramofoni. Ukiangalia picha yenyewe vizuri, ile mashini ya kwanza bado inaonekana chini ya rangi.

Mwaka wa 1907 kampuni ilianza kujenga kiwanda kikubwa chake yenyewe, Hayes, pembeni ya London. Mwaka wa 1908 ikafungua kingine Calcutta, India. Ujerumani kulikuwa na Odeon ya Berlin, ambao mwaka wa 1904 walileta disiki yenye nyimbo pande mbili; mbele ya pale mgongo wa disiki ulikuwa mtupu. Ufaransa ilikuwa na Pathé, wenye ukaidi wao: mfereji wa disiki zao ulipanda na kushuka badala ya kuyumba kushoto na kuume, na haukusomwa na sindano ya chuma bali kwa kito cha safiri. Disiki ya Pathé haiimbi vizuri juu ya mashini ya kawaida. Na injini nyingi za resori zilitoka Uswisi, katika mji mdogo wa milimani unaoitwa Sainte-Croix. Mafundi wa kule walikuwa wakitengeneza visanduku vya muziki. Biashara yao ilipoanza kufa, nyumba kama Thorens na Paillard wakageuza vyombo vilevile na mikono ileile kwa kazi ya fono. Ni kijiji cha baridi na mvua, juu ya milima. Mtu wa Masereka angejisikia nyumbani.

Sindano nazo zilikuwa na miji yao, Uingereza na Ujerumani. Utando mdogo unaotetemeka nyuma ya sindano, ule ambao kwa kweli ndio unaimba, kwa miaka mingi ulikuwa wa mika, jiwe linalobanduka sawa karatasi, na muuzaji mkubwa wa mika alikuwa India. Pembe inafanya nini basi? Inakuza tu mtetemo ule mdogo wa hewa mpaka chumba kizima kinasikia.

Tufike sasa kwenye disiki.

Zile za kwanza Berliner alizifanya kwa mpira mgumu. Ilikuwa miaka ileile ambamo mpira wa msituni ulikusanywa hapa Kongo kwa fimbo na bunduki. Lakini mpira haukumridhisha, haukushika mfereji sawasawa. Karibu mwaka wa 1895 alihamia kwa mchanganyiko uliotumiwa na watengenezaji wa vifungo vya nguo. Gundi ya mchanganyiko ule ilikuwa shelaki. Na shelaki haiko kitu cha maabara. Ni mavuno ya shambani.

Kuna mdudu anaitwa Kerria lacca. Ni wa jamii ya wale tunaita koshenili, ndugu wa wale weupe sawa unga wanaokunja majani ya muhogo wetu, na wale wanaojibandika juu ya matawi ya kahawa na machungwa. Masomoni tunafundishwa kumuua. Wahindi wao wanamfuga. Katika milima ya Chota Nagpur, sehemu ambayo leo ni jimbo la Jharkhand, mkulima anachukua vijiti vyenye wadudu walio karibu kuzaa, anavifunga juu ya mti mwingine wenye matawi machanga. Miti anayoijua ni kusumu, palasi na beri, huyu wa mwisho ni ndugu wa mkunazi. Watoto wa mdudu wanatoka, wanatembea kidogo tu, kisha wanachomeka mdomo ndani ya ganda na hawahami tena mpaka kufa. Wanakunywa maji ya mti na kutoa utomvu unaowafunika wote pamoja, mpaka tawi linaonekana kama limevaa ganda jekundu. Mkulima mwenye ujuzi hakati miti yote mara moja: anaacha mingine ipumzike, anapogoa mapema ili matawi mapya yawe tayari siku ya kubandika, na anaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Ni ratiba kamili ya kilimo, yenye mbegu, upandaji, mapumziko na adui zake. Mwaka wa 1924 kulifunguliwa kituo cha utafiti wa mdudu huyu peke yake, kule Namkum, karibu na Ranchi.

Kisha kuvuna, kazi ya mikono. Wanakwangua utomvu kutoka kwa vijiti, wanaponda, wanaosha. Maji ya kuosha yanatoka mekundu, na zamani yaliuzwa kama rangi ya nguo. Kilichobaki kinatiwa ndani ya mfuko mrefu mwembamba wa kitambaa, unashikwa mbele ya moto wa makaa, mtu anausokota sawa anakamua nguo, utomvu unatoka ukiwa umeyeyuka. Mbele haujapoa, mfanyakazi anauchukua na kuuvuta uwe karatasi kubwa nyembamba, akiushika kwa mikono, kwa vidole vya miguu na hata kwa meno. Karatasi ile ikivunjwa vipande njo shelaki, na vipande vile vilipanda meli kwenda Hayes, Hanover na Camden. Kule vilichanganywa na unga wa mawe, masizi meusi na nyuzi za pamba, vikapashwa moto na kukandamizwa kwa kalibu.

Unga wa mawe ule uko na kazi yake. Unasaga ncha ya sindano mpaka inapata umbo la mfereji. Ndiyo maana sindano ya fono ilibadilishwa kila upande wa disiki, karibu kila dakika tatu, na ndiyo maana disiki za shelaki zinapiga kelele ile ya "shshsh" kama mafuta kwenye kikaango.

Sasa hesabu mwenyewe. Jina la uvumbuzi Marekani, injini Uswisi, chapa London, na gundi pamoja na mika kutoka India. Hapa kwetu tunajua hesabu ya namna ile. Tunajua papaini ya Beni: unachana papai bichi asubuhi, utomvu unadondoka, unakauka, unapanda gari, na siku inaporudi kwetu ndani ya kidonge ao kingine hakuna anayeijua tena. Tunajua ganda la kinkina. Mkulima wa laki alikuwa jamaa yetu kabisa, tofauti ni lugha tu. Na mwisho wake pia unafanana na ule tunauogopa. Vita ilipofunga njia za bahari ya Asia, mwaka wa 1942 serikali ya Marekani ilikata sana shelaki ya kufanyia disiki, watu wakakusanya disiki za zamani ziyeyushwe tena. Kisha mwaka wa 1948 kampuni ya Columbia ikatoa disiki ndefu ya plastiki, vinili, inayotoka kwa petroli. Soko la laki katika muziki likaanza kufa. Wale wanaosoma habari ya pireta ya Kivu na dawa za kiwanda zilizoishindana wanajua sinema hii.

Mashini zilitufikiaje? Chombo kilichofaa Afrika hakikuwa kile chenye pembe kubwa cha picha za mbwa. Kilikuwa fono ya valizi, pembe imefichwa ndani ya sanduku. Decca ya London ilitoa yake mwaka wa 1914, ikaenda na askari mpaka kwenye mahandaki ya vita. HMV ikatoa namba 102 mwaka wa 1931. Valizi haikungoja umeme wala paneli ya jua, iliomba mkono tu.

Lakini mashini bila nyimbo za watu ni sanduku. Kampuni ziligundua hivyo, zikaanza kutafuta sauti. Mwaka wa 1928 Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba, Zanzibar, alipelekwa na wenzake Bombay kurekodi kwa HMV. Kiswahili kilivuka bahari kwa meli ili kirudi kama bidhaa, na disiki zake ziliuzwa kwa makumi ya maelfu. Kutoka mwaka wa 1933 HMV ileile ilituletea Afrika mfululizo wa disiki zenye herufi GV, nyimbo za Kuba nyingi, na masikio ya Léopoldville yakazichukua. Mwaka wa 1948 Mgiriki Nicolas Jéronimidis alianzisha Ngoma kule Léopoldville, na Wendo akatoa "Marie-Louise". Habari ya Kinshasa wote mnaijua, sitakaa pale.

Nitakaa karibu zaidi na nyumbani. Mwaka wa 1935 na 1936 mpiga sinema Mbeleji Armand Denis na mke wake Leila Roosevelt walipita Kongo ya mashariki na vyombo vya kurekodi. Sauti zile zilitolewa Marekani juu ya disiki za mzunguko 78, zikaitwa The Belgian Congo Records. Ndani yake kuna pembe za Bapere na marimba ya Bapere. Ndiyo, Bapere hawa wetu wa teritware ya Lubero, upande wa Manguredjipa. Na mwaka wa 1952 Hugh Tracey, aliyefanya kazi Afrika ya Kusini, alirekodi pembeni ya msitu wa Ituri; kati ya watu aliowarekodi kuna Banande. Kazi yake inahifadhiwa katika maktaba ya muziki aliyoanzisha mwaka wa 1954, ambayo leo iko Makhanda, Afrika ya Kusini, na sehemu ya Ituri imetolewa tena kwa CD, inauzwa.

Fikirini kidogo. Watu wengi wa sekta ya Bapere wamekimbia makwao juu ya mauaji ya miaka hii. Wazee wanakufa mbali na vijiji vyao. Na pembe zilizopigwa miaka 90 iliyopita ziko salama ndani ya utomvu wa mdudu wa India, kwa masanduku ya watu wa Marekani na Ulaya wanaokusanya vitu vya zamani. Mwanafunzi wa historia ao wa muziki anayetafuta kichwa cha kazi yake ya mwisho, mimi ningemwambia aanzie hapo: atafute sauti zile, azipeleke kwa wazee walio Butembo na Lubero sasa hivi, awaulize pembe zile zilipigwa siku gani na kwa nini. Kazi ile haitangoja miaka kumi.

Neno juu ya makuta, kwani najua wengine wanasoma kwa sababu ile. Fono yenye pembe kubwa ya shaba inayong'aa, sanduku la pembe nane, kibao cha mbwa cha shaba mbele, ikiuzwa Dubai ao kwa intaneti kama "ya mwaka wa 1900", karibu kila mara ni mpya. Zinaunganishwa India, kwa injini na mkono vilivyong'olewa kwenye valizi za zamani. Angalia mbao, ni nyepesi na changa. Angalia kiwiko kinachoshika pembe, ni kinene na kimefanywa ovyo. Kwenye mashini za kweli, mbwa mara nyingi ni picha iliyobandikwa, haiko kibao. Mfanyabiashara wetu akiinunua kwa kuipamba sebule, sawa, lakini asilipe bei ya kitu cha kale. Kwa upande mwingine, valizi nyeusi yenye vumbi juu ya dari ya nyumba ya babu ni ya kweli karibu siku zote, na hiyo ndiyo inatolewa kwa bei ya sabuni.

Ukiipata, usiikaze mpaka mwisho siku ya kwanza: mafuta ya ndani yamekauka na resori ya miaka 80 inaweza kukatika. Usicheze disiki ya plastiki juu yake, sindano itailima. Disiki za shelaki zisimamishe wima, mbali na jua, na usizidondoshe, zinavunjika sawa sahani ya udongo. Ukizikuta na uchafu, tumia maji baridi na sabuni kidogo, bila kulowesha karatasi ya katikati. Usipanguse kwa alkoli hata kidogo, wala kanyanga: alkoli inayeyusha shelaki, ndivyo maseremala wanavyoifanya kuwa vernisi ya meza, na wimbo utaondoka pamoja na kitambaa. Kisha soma ile karatasi ya katikati polepole, herufi zote na namba zote, pia namba ndogo zilizochorwa ndani ya weusi pembeni yake. Piga picha. Pengine utaona Hayes, pengine Dum Dum ya Calcutta, pengine jina la duka la Nairobi ao Kampala, na hapo utaanza kujua ni njia gani ilipita mbele ya kufika Lubero.